Kadi ya Tatu

Watu wote waliojifunza gari kwake walimwita Mwalimu Breki, na yeye hakuwa na ugomvi na jina hilo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amekaa kiti cha abiria ndani ya gari dogo jeupe lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yake, na katika miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyewahi kugonga kitu kikubwa kuliko pipa la takataka. Wanaotetemeka, wanaolia, wanaofumba macho wakiona lori linakuja, wote walipita mikononi mwake na wote walisikia sauti ile ile ya upole: achia klachi pole pole, tazama unakotaka kwenda, usitazame unachokiogopa. Hata gari lilipozimika katikati ya makutano na honi zikapamba moto nyuma yao, yeye alifuta miwani yake, akasema, haya, tuwashe tena.

Mtu huyo huyo, Jumamosi mchana, ungemkuta kwenye kiwanja cha gofu akigombana na fimbo.

Kiwanja chenyewe kilikuwa cha klabu ya wafanyakazi wa mji, mashimo tisa yaliyozunguka matangi ya maji. Ukiyamaliza tisa unarudi unayapiga tena, yanakuwa kumi na manane, unajumlisha mapigo yako yote, na mwenye machache ndiye anayecheka. Klabu ilikuwa na sheria moja iliyobandikwa ukutani tangu rangi ya ukuta huo ilipokuwa bado nyeupe. Anayejifunza acheze kuanzia saa saba mchana, jua likiwa utosini. Asubuhi ni ya wale waliokwisha kukabidhi kadi tatu za chini ya mia moja, kila moja imetiwa saini na mchezaji mwenzake. Mwalimu Breki alizipata kadi mbili katika mwaka wake wa pili, tena ndani ya mwezi mmoja, akaenda kununua kofia mpya ya asubuhi. Tangu hapo ilikuwa imepita miaka sita, na kofia ilikuwa bado kwenye mfuko wake wa nailoni.

Mchezo ungemkataa moja kwa moja angeshauacha, angepata usingizi. Lakini haukumkataa. Jumamosi moja alipiga mia moja na mbili, akarudi nyumbani anapiga mluzi. Jumamosi iliyofuata, kwa fimbo zile zile na viatu vile vile, akapiga mia moja thelathini na moja, na matatu kati ya hayo alipiga hewa tupu. Na hata siku mbaya kuliko zote haikukosa pigo moja la ajabu, mpira ukiondoka bila kelele, ukapaa, ukatua pale pale alipokuwa ameutuma. Pigo moja la namna hiyo lilitosha kumharibia akili wiki nzima. Nyuma ya daftari la mahudhurio ya wanafunzi aliandika kila siri aliyoigundua. Kidevu juu. Ukurasa unaofuata: kidevu chini. Shika fimbo kwa ulegevu. Shika fimbo kwa nguvu. Fikiria bega la kushoto. Usifikirie chochote.

Mke wake, fundi cherehani aliyeshonea chumba cha mbele, hakuhitaji kuuliza matokeo, aliyasikia kwenye namna geti lilivyofungwa. Jumapili mumewe alikula kiapo kwamba fimbo zote anazigawa. Jumatatu alinyamaza. Jumatano alikuwa uani, miguu ameitanua, anapiga majani makavu kwa ufagio na kujitazama kwenye kioo cha dirisha.

"Mume wangu," mkewe alimwambia siku moja, sindano ziko mdomoni, "kuna watu wanalipwa ndipo wakubali kuteseka hivyo. Wewe unajitolea."

Alichokuwa anang'ang'ania kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa na miguu miwili: kaka yake mkubwa. Kaka huyo alimzidi miaka tisa. Alikuwa fundi wa lifti mpaka alipostaafu, na ndiye aliyeshika tandiko la baiskeli siku Mwalimu Breki alipojifunza kuendesha kitu cha kwanza maishani mwake. Ndiye pia aliyemwingiza kwenye klabu. Yeye Kaka alikuwa mtu wa asubuhi, kadi zake tatu alizikabidhi zamani, na kila Jumapili kwenye chakula cha mchana aliisimulia Jumamosi yake. Umande kwenye nyasi. Mpira uliopita katikati ya miti miwili. Wenzake waliobaki mdomo wazi. Mdogo mtu alisikiliza mpaka chakula kikapoa, na kila mara akasema, nikipata kadi ya tatu, Kaka, tunacheza wote. Na Kaka kila mara alijibu, nakusubiri, mdogo wangu.

Mwenye kadi tatu aliruhusiwa kucheza saa yoyote, hata mchana. Lakini kumwomba kaka yake ashuke aje kucheza na wanaojifunza kulikuwa sawa na kukiri kwamba yeye hafiki kamwe. Wazo hilo lilimjia mara moja katika miaka sita, akalifukuza kama kuku aliyeingia jikoni.

Basi mwanzoni mwa mwezi ule Kaka alitangaza kwamba yeye na mkewe wanahama. Binti yao aliyeolewa mji wa mbali, safari ya siku mbili, alikuwa amewajengea chumba, na wao umri umekwenda, ngazi za nyumba yao zimeanza kuwashinda. Fikiria, fundi wa lifti kushindwa na ngazi. Wangeondoka Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Kila mtu mezani alicheka na kupongeza, isipokuwa Mwalimu Breki, ambaye alikuwa ameinamia sahani anahesabu Jumamosi. Zilikuwa tatu. Miaka sita alikuwa ameahidi kitu kimoja kwa mtu mmoja, na sasa mtu huyo anafunga mizigo. Iliuma, na hakuona haya kujiambia kwamba inauma.

Jumamosi ya kwanza alipiga mia moja ishirini na moja. Ya pili alijikaza kisabuni, akaamka alfajiri kufanya mazoezi uani, mchana akapiga mia moja ishirini na sita.

Hapo ndipo anapoingia Bibi Hesabu. Alikuwa mwalimu mstaafu, amefundisha hesabu miaka thelathini na mitano, na nyumba yake ilipakana na kiwanja, ua wa miti mifupi tu kati ya bustani yake na shimo la saba. Mwalimu Breki alimfahamu siku alipobisha hodi kutafuta mpira wake. Bibi alimletea beseni zima, mipira yote ina nukta nyekundu aliyoichora Mwalimu Breki mwenyewe kwa rangi ya kucha ya mkewe. Kwenye kibanda aliona gari la marehemu mume wa Bibi limefunikwa shuka, wakaulizana kazi, na wiki iliyofuata Bibi Hesabu akawa mwanafunzi wake, mwenye umri wa miaka sitini na saba.

Alikuwa mwanafunzi mzuri mno, na hilo ndilo lililowatia wazimu wote wawili. Kwenye mafunzo hakuwa na kosa. Kwenye mtihani, akikaa na mkaguzi, alikuwa kama hajawahi kuona usukani. Mara ya kwanza alipitiliza taa nyekundu. Mara ya pili alisimama kwenye taa ya kijani, akagoma kuondoka. Mara ya tatu mkaguzi mwenyewe alishuka, akarudi kwa miguu. Mtihani wa nne ulikuwa Ijumaa ya wiki ile ile ya Jumamosi ya mwisho.

Jumatatu walikuwa wanazunguka mtaa wa nyuma ya soko. Bibi aliweka gari pembeni bila kuambiwa, akavuta breki ya mkono, akazima injini.

"Shikamoo nimeshakupa asubuhi, Bibi," alisema Mwalimu Breki. "Kuna tatizo?"

"Lipo. Mguu wako wa kulia."

Mwalimu Breki alitazama chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekaa juu ya breki yake, mahali ulipokaa miaka ishirini na miwili.

Bibi Hesabu alieleza kama anayeandika ubaoni. Wiki tatu alikuwa anajichunguza kwa nini mbele ya mkaguzi anapotea. Amegundua kwamba haendeshi kwa macho, anaendesha kwa mguu wa mwalimu wake. Mguu ule ukikaza kidogo tu, yeye anajua kuna hatari, anapunguza. Ukilegea, anajua njia iko wazi. Mwalimu hajui kama anafanya hivyo, lakini mguu unasema kila kitu. Mguu wa mkaguzi hausemi neno, umelala tu, na yeye anabaki kama kipofu.

Mwalimu Breki alitaka kuomba radhi, lakini Bibi alimnyooshea kidole, bado hajamaliza. Kuna jambo la pili. Miaka sita amekuwa akimtazama juu ya ua akicheza shimo la saba, na kila mara mpira ukielekea bustanini kwake ameona kitu kimoja kabla: mguu wa kulia unakandamiza ardhi, goti linakaza, mwili mzima unakwama katikati ya pigo. Hakujua ni nini mpaka alipokaa naye garini.

"Mwanangu," alisema, "wewe ukiogopa, unafunga breki. Garini unaokoa maisha ya watu. Kule kiwanjani unajizuia mwenyewe."

Mwalimu Breki alishika tama. Daftari zima la siri, kidevu juu, kidevu chini, na hakuna ukurasa hata mmoja ulioandikwa mguu. Kisha akaanza kucheka, Bibi naye akacheka, mpaka muuza vitunguu wa kando ya barabara akainama kuchungulia dirishani kama wamepatwa na nini.

Walikubaliana hapo hapo. Kuanzia siku ile Mwalimu Breki angekaa amekunja miguu juu ya kiti, mkono tu ukiwa karibu na breki ya mkono, na Bibi aendeshe kwa macho yake mwenyewe. Upande wa gofu, Bibi alimpa kazi moja: alegeze kamba za kiatu cha kulia. Akikandamiza, kiatu kitacheza, naye atajua amekamatwa. Na asijumlishe mapigo yake mpaka amalize. "Hesabu niachie mimi," alisema.

Siku ya kwanza Mwalimu Breki aliona nyota mchana. Hakuwahi kujua jinsi barabara inavyotisha kwa mtu asiye na breki. Kwenye mzunguko wa karibu na benki aliuma ukingo wa kofia yake. Lakini Bibi Hesabu, baada ya kusitasita Jumanne na kuzima gari mara nne Jumatano, Alhamisi aliendesha akiimba. Ijumaa alirudi kutoka kwa mkaguzi na karatasi mkononi, akashuka, akafunga mlango pole pole, halafu akampiga mwalimu wake kofi la bega lililomsogeza hatua nzima. Alikuwa amefaulu.

Jumamosi, saa saba mchana, Mwalimu Breki aliingia kiwanjani kamba za kiatu cha kulia zikining'inia. Mwenzake siku hiyo alikuwa mfamasia wa duka la pale mtaani, mtu wa maneno machache, ambaye ndiye angeandika kadi yake. Mfamasia alitazama kiatu, akamtazama mwenyewe, akatoa kalamu.

Na mambo yakaenda. Sijui niseme nini zaidi. Mara tatu kiatu kilicheza, mara tatu akajikamata, akarudi nyuma, akapumua, ndipo akapiga vizuri. Kwenye shimo la saba mpira haukuenda bustanini. Duru ya kwanza aliimaliza kwa arobaini na tisa. Alijua hivyo kwa sababu mfamasia, aliyekuwa hajatamka neno tangu saa saba, alisema "arobaini na tisa" kwa sauti ya mtu anayesoma dawa ya hatari. Duru ya pili ilikwenda hivyo hivyo, hatua kwa hatua, na jua likaanza kulainika juu ya matangi.

Kosa alilifanya akitembea kwenda shimo la mwisho. Kila anayecheza mchezo huu amelifanya, na kila mmoja ameapa hatalirudia. Alijumlisha. Tisini na nne. Akipiga matano hapa, ni tisini na tisa, na kaka yake hajaondoka bado.

Kuanzia hapo hakuwa tena na miguu, alikuwa na moyo tu. Hata hivyo alipiga matatu safi, mpira ukatua kwenye nyasi fupi, hatua sita kutoka shimoni. Yalibaki mawili. Pigo la kwanza alilisukuma vizuri, mpira ukabingirika, ukasimama umbali wa mkono mmoja kutoka shimoni. Umbali ambao mtoto angepiga akiwa anatafuna. Mwalimu Breki aliinama. Alimwona kaka yake akiwa amesimama kwenye umande wa asubuhi. Akaona pia, kwa uwazi ule ule, namna mpira unavyoweza kukosa. Na akatazama anachokiogopa.

Kiatu kilicheza. Mpira ulifika ukingoni mwa shimo, ukazunguka, ukatoka, ukakaa.

Mia moja.

Mfamasia aliishika kalamu muda mrefu. Kisha alisema, huku anatazama matangi, kwamba jua lilikuwa limempiga machoni, pigo lile la mwisho hakuliona sawasawa. Mwalimu Breki alielewa anapewa nini, na kwa pumzi moja hivi alikitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Halafu akasema, yalikuwa sita, andika sita. Mfamasia akaandika, akatia saini.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake na begi la fimbo mgongoni. Shemeji yake alimfungulia, akamwonyesha chumba cha ndani, ambako Kaka alikuwa amekaa kwenye sanduku anazungushia bisibisi zake magazeti. Mwalimu Breki aliweka kadi juu ya sanduku jingine, akakaa chini sakafuni kama alivyokuwa anakaa zamani, na akasema yote kwa mkupuo: kwamba ameshindwa, kwamba alitaka wacheze pamoja angalau mara moja, kwamba miaka yote sita hakuwa anafuata asubuhi wala umande, alikuwa anamfuata yeye.

Kaka aliisoma kadi mbele na nyuma. Akaigeuza tena na tena, mpaka Mwalimu Breki akaanza kuona aibu.

"Wenye kadi tatu tunaruhusiwa mchana," alisema mwishowe. "Mbona hukuniomba hata siku moja?"

"Niliona haya, Kaka."

Kaka alikunja gazeti moja, akalikunjua. "Jumanne," alisema. "Saa saba. Mimi na wewe."

Jumanne Mwalimu Breki alifuta masomo yote ya mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipougua. Kiwanja kilikuwa kitupu. Kaka alikuja na kofia safi na begi la ngozi, akanyoosha mgongo, akapunga fimbo mara mbili hewani kwa madaha ya miaka mingi. Mdogo wake alisimama pembeni, mikono nyuma, pumzi ameibana, tayari kuona kwa macho yake kile alichokuwa anakisikia kila Jumapili.

Kaka alipiga. Mpira ulitoka pembeni kabisa, ukagonga nguzo ya uzio, ukarudi ukipita juu ya vichwa vyao, wote wawili wakainama, ukazama kwenye kichaka nyuma ya choo cha klabu.

Kaka alibaki ameegemea fimbo, mgongo ameupa kiwanja, na alipozungumza hakugeuka.

"Kadi zangu tatu nilizipata kabla wewe hujaoa," alisema. "Tangu hapo sijapiga chini ya mia na kumi na tano. Ile mipira ninayokusimulia ipo, ni ya kweli, lakini ni mmoja kwa mwezi. Kila nikikwambia nakusubiri, nilikuwa naomba Mungu usifike, usije ukaniona."

Mwalimu Breki alimtazama mzee huyu mwenye kofia safi. Alihisi hasira, ya kweli kabisa, ya Jumamosi mia tatu ambazo wangeweza kutembea pamoja mchana, wote wawili wanacheza ovyo, wote wawili wanagombana na fimbo. Alifungua mdomo aiseme. Kilichotoka ni kicheko, kikamshinda nguvu, akakaa kwenye nyasi, na Kaka alipogeuka na kumwona, naye akakaa, wakacheka mpaka machozi, na baadaye kidogo machozi ya Kaka hayakuwa ya kicheko tena, na mdogo wake akamshika mkono.

"Alhamisi ni keshokutwa," alisema Kaka.

"Najua. Inuka tukautafute mpira wako."

Wakaingia wote wawili kichakani.